Mtoto wa Kuazima

Nyumba namba saba,
Ploti ya Mzee Ngigi,
Kitengela.
Jumamosi, 12 Julai.

Kwa dada yangu mpendwa Nyakio,

Kabla sijakusalimia, wacha nitoe kitu ambacho sijaambia mtu yeyote, na hata Mungu nimemwambia nusu tu. Tangu mwezi wa tano sijaosha sufuria hata moja katika nyumba hii. Sijaugua na sijavunjika mkono. Mama anajua kwamba sioshi, na ananisifu.

Sasa salamu. U hali gani? Natumaini baridi ya Kajiado haijakumaliza, na kwamba ile blanketi ya pili bado ni yako na haijapata mwenyewe mwingine. Sisi huku tuko salama. Baba alikuja kutoka Namanga wiki jana, akalala siku mbili, akarudi kwa malori yake. Mama ni mzima, kazi ya duka la dawa za mifugo inaendelea. Mdogo wetu Gitonga pia ni mzima, isipokuwa mikono, na hiyo nitakueleza. Namsalimia pia mwalimu wa zamu ikiwa ndiye amefungua barua hii kabla yako. Mwalimu, tafadhali endelea kusoma bila wasiwasi, hakuna kijana ndani isipokuwa mmoja, na huyo ana miezi tisa.

Naandika nikiwa mezani sebuleni na karatasi nimeiweka ndani ya atlasi. Mtu akipita naifunga naanza kutazama mito ya Afrika. Gitonga ameniuliza mara mbili kama nimeamua kuwa rubani.

Nyakio, unajua Julai ya hapa. Maji ya borehole ni ya chumvi, sabuni haitoi povu, na sufuria ikikauka inabaki na weupe kama imepakwa chokaa. Na sasa ni baridi, ukitia mkono kwa beseni unasikia mpaka kwa meno. Wewe ulikuwa bingwa wa kujificha chooni wakati wa vyombo, lakini hiyo njia uliiharibu. Siku hizi mtu akielekea choo baada ya chakula, Mama anamwambia aende na sufuria.

Njia yangu niliipata bila kuitafuta. Ilikuwa Jumamosi, akina mama wa fellowship wamekuja kwetu, kumi na wawili, na chai, na githeri iliyoshika chini. Mimi nilikuwa nimejibanza kando ya kabati nikiomba wasiniulize niko darasa gani. Mwongeli wa nyumba namba nne, yule anayefuma sweta za shule kwa mashine, akanitupia mtoto wake Kyalo mapajani ili ale. Kyalo akalala. Mama akaja mlangoni akiwa amebeba vikombe, akafungua mdomo kuniita, akamwona mtoto, akaufunga. Akageuka akamwambia Gitonga aamke aoshe vyombo, si anaona Ciku amelaza mtoto? Gitonga akasema hata yeye anaweza kulaza mtoto. Mama akamwambia alaze hiyo sufuria ya githeri kwanza.

Hapo ndipo nilijua kwamba katika nyumba yetu kuna sheria ambayo haijaandikwa mahali. Mtu aliyepakata mtoto amelala haambiwi inuka. Hata nyumba ingeshika moto, Mama angesema tuuzime polepole.

Jumatatu nikaenda kuazima mtoto. Unanijua mimi na kuongea. Nilisimama kwa mlango wa Mwongeli, sauti ikakataa kutoka. Akaniangalia, akaenda jikoni, akaniletea chumvi kwa karatasi, akasema asante si lazima. Nikarudi na chumvi. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano nikiwa na chumvi mkononi Kyalo akatambaa mpaka miguuni pangu, nikamnyooshea kidole, na Mwongeli akacheka akasema kama ni mtoto nataka si ningesema tangu juzi, nimchukue, yeye ana sweta sitini za kumaliza. Chumvi tuliyo nayo itatufikisha Krismasi.

Basi ikawa ni kawaida. Natoka shule saa kumi, saa kumi na nusu niko na Kyalo. Saa kumi na moja amelala. Mama anaingia saa kumi na mbili, ananikuta kwa kiti, anavua viatu na kutembea kwa vidole ili asipige kelele, na kumnong'oneza Gitonga kuhusu vyombo, kudeki na kumenya viazi. Saa moja unusu Kyalo anaamka, kazi imeisha, namrudisha. Mama akaanza kuwaambia watu kwamba Ciku wake ana mkono wa watoto. Gitonga naye alianza kuniita Yaya. Alikuwa ananipitia na ndoo akisema, pole Yaya, usichoke kukaa. Mikono yake imepasuka kwa maji ya chumvi mpaka mwalimu alimuuliza kama anafanya kazi ya mjengo.

Nikuambie namna ya kumlaza. Unamsugua ncha ya sikio pole pole, halafu unamsomea notes za Social Studies. Aina za udongo zinamlaza kushinda wimbo wowote. Akifika udongo wa mfinyanzi amekwisha. Mimi mwenyewe nilipata alama themanini na moja kwa mtihani, na mwalimu akashangaa kwa sababu darasani sijawahi kuinua mkono.

Na kuna jambo lingine, usicheke. Nikiwa na Kyalo siogopi wageni. Wanaongea na yeye, hawaongei na mimi. Wanamuuliza yeye kama amekula, nami namjibia. Nimegundua kwamba nikimjibia mtu mwingine sauti iko.

Sasa habari mbaya. Mwezi uliopita Mwongeli alianza kukonda. Alisema Kyalo halali usiku. Anakesha akicheza, anapiga kitanda makofi, na asubuhi mama yake anaenda kwa mashine macho yamevimba. Alifuma sweta moja, mkono mmoja ni wa mtoto wa chekechea na mwingine ni wa headmaster. Tulicheka, na yeye alicheka, lakini wenye shule hawakucheka, wakarudisha. Alimpeleka Kyalo kliniki, wakampima wakasema ni mzima kabisa. Wengine hapa ploti wakaanza kusema labda kuna mtu mwenye jicho baya amemwangalia. Mimi niliinama nikamfunga Kyalo soksi.

Mama akaita fellowship waje wamwombee. Wakaja Jumatano saa kumi na mbili jioni, na mimi nikiwa kwa kiti na Kyalo. Hebu fikiria, Nyakio. Wanawake kumi na wawili wamesimama wakituzunguka, mikono juu, wanaomba mtoto apate usingizi, na mtoto amelala fofofo katikati yao, anakoroma. Mama Melvin, ambaye sauti yake inasikika mpaka Rongai, alikemea kila roho ya kukesha, na Kyalo hata hakutikisa kope. Wakasema hiyo ndiyo nguvu ya maombi, ameanza kulala hapo hapo. Nilitamani kiti kinimeze. Kisha Mama akamwambia Gitonga afunge kwa maombi kwa sababu yeye ndiye mdogo. Gitonga, bado ameshika kitambaa cha vyombo, akafumba macho akasema, Ee Bwana, mwamshe Kyalo kila siku saa kumi na mbili kasorobo, amina. Mama alimfinya. Lakini nilijua mmoja wetu amejua.

Wa pili kujua ni Seleyian, yule msichana wa maziwa. Alhamisi alikuja na mtungi wake, akanisalimia kwa Kimaasai, sopa, nikajibu ipa kwa sauti ya kunong'ona, akachungulia Kyalo mapajani. Alikuwa na simu sikioni, anagombana na mtu kuhusu ng'ombe, akasimamisha ugomvi kidogo akaniuliza kama huyu mtoto hulala saa hizi kila siku. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Basi usiku atalala na usingizi gani tena?" Halafu akarudi kwa ng'ombe wake, akapima maziwa akaenda.

Atalala na usingizi gani tena. Dada, hayo maneno yalinikaa kifuani kama ugali baridi. Hata wewe unaona. Mtoto ana usingizi wake wa kutosha, na mimi nimekuwa nikiumaliza wote jioni ili nisiguse beseni.

Ningenyamaza tu, nianze kumwacha macho jioni, mambo yajirekebishe polepole bila mtu kujua. Huo ndio ulikuwa mpango wangu. Lakini jana Mwongeli alimwambia Mama kwamba ameshindwa. Mama yake yuko Makueni na amekubali kuchukua mtoto. Kesho Jumapili asubuhi anampeleka, atakaa huko mpaka aanze shule. Alisema hivyo akikunja kashati kake kadogo, akakakunja, akakakunjua, akakakunja tena. Mama alimshika bega. Mimi nilikuwa kando ya kabati, mahali pangu.

Leo asubuhi nilienda kwake kusema. Nilifanya mazoezi bafuni, nilikuwa na sentensi mbili tu. Akafungua mlango. Mfuko wa Kyalo ulikuwa nyuma yake, umefungwa, na kikombe chake cha njano kimening'inia kwa zipu. Macho ya Mwongeli yalikuwa mekundu. Nikafungua mdomo. Nikasimama hapo. Akaenda jikoni akaniletea chumvi.

Ndiyo maana naandika, kwa sababu kalamu haina haya. Nyakio, si ugonjwa na si jicho la mtu. Mimi ndiye nimemnyima Mwongeli usingizi miezi miwili, na kwa sababu yangu mtoto anaondolewa kwa mama yake. Nilikuwa namlaza kwa makusudi. Siku akikataa kulala nilikuwa nafunga pazia. Siku akiamka mapema nilikuwa nasugua sikio tena mpaka nisikie Gitonga amemwaga maji ya mwisho. Na wakati watu wanaomba, mimi nilijua dawa, nikanyamaza, kwa sababu ndani ya sinki kulikuwa na vikombe kumi na viwili.

Kyalo yuko hapa nami sasa. Mwongeli ameniachia amalize sweta za mwisho. Ni saa kumi na moja unusu na nimemkataza kulala. Nimemuoshea uso, nimemwimbia, nimemruhusu ale kona ya Madagaska kwa atlasi. Ananiangalia kama mtu aliyedanganywa. Sijui kama siku moja inatosha kuonyesha kitu, na kesho mfuko unaondoka.

Nilikuwa nimefikiria hivi. Mama anakuja kwenu kesho kwa visiting day, atakuletea chapati na hii barua, nawe ungemweleza Mama kwa upole, kwa sababu wewe unaongea vizuri. Lakini nimehesabu masaa. Ukimaliza kusoma hapa, Kyalo atakuwa ameshafika Makueni. Msomaji wa kwanza wa barua hii hafai kuwa wewe.

Nasikia geti. Huo ni mwendo wa Mama, anaburuta kiatu cha kushoto, na nyuma yake kuna malapa ya Mwongeli. Wanakuja pamoja. Nimefunga atlasi. Nimeifungua tena. Nimetoa karatasi zote tatu nimezipanga juu ya kitambaa cha meza, maandishi yakiangalia mlango, na hii ya nne naandika wakiona. Sitaweka mkono juu yake.

Wasalimie marafiki zako wote wa bweni, na usome kwa bidii. Mungu akulinde mpaka tuonane mwezi wa nane.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Ciku.

Baada ya vyombo:

Nimerudi kuongeza. Mama alisoma kwa sauti, akiwa amesimama. Alipofika kwa chumvi Mwongeli alikaa chini. Nilingoja kelele. Nilisikia kwanza mtu analia, halafu nikajua ni kicheko, Mwongeli alikuwa amejifunika uso na sweta akicheka na kulia, zote pamoja. Aliniuliza kama ni kweli, udongo wa mfinyanzi? Nikasema ndiyo, nisamehe. Nilisema kwa mdomo wangu, Nyakio, na watu wawili wakasikia. Akaniambia chumvi imeisha, kuanzia leo nikienda kwake niende na maneno.

Amempigia mama yake simu kwamba wangoje wiki mbili waone. Mfuko umefunguliwa. Kikombe cha njano kiko kwetu, nimekiosha.

Mama hakunichapa. Alileta leso, akanigeuza, akamweka Kyalo mgongoni kwangu akamfunga kwa nguvu, macho wazi kama bundi. Akasema mtoto amependa kukaa na mimi, na hilo ni jambo zuri halifai kuharibiwa. Akafungua mikono yangu akaitazama, akasema angalia Ciku, yote miwili iko huru. Kisha akanionyesha sinki. Vyombo ni vyangu mpaka utakapofunga shule.

Gitonga ameketi kwa kiti changu. Ameniambia, pole Yaya, usichoke kusimama.