Ndimu Chini ya Benchi

Ijumaa, 1 Agosti 2025

Hind kapita dukani baada ya swala. Gari kaliacha katikati ya njia, wasukuma mikokoteni wanamtukana, yeye hana habari.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mke wangu. Leo umemkumbuka mumeo?"

Kacheka. Kaniachia tiketi ya kesho, kiti cha mbele. Nyuki wa Gerezani na Papa wa Temeke. Mpira wa kikapu, wanawake watupu. Mjukuu wangu ndiye mtendaji mkuu wa Nyuki — bosi, kwa lugha yetu sisi wa darasa la nne. Hachezi. Anaajiri, anafukuza, anasaka wadhamini. Kaacha benki kwa ajili hiyo! Mama yake alilia. Mimi nikasema mwacheni, angalau huku anavaa raba.

Alipoingia tu akaivunja kamati ya ufundi. Ufundi gani! Wazee wawili na mganga wao. Wachezaji wapitie dirishani, yai lizikwe nyuma ya goli. Kawatoa wote. Akasema mbele ya waandishi: atakayeleta ushirikina kwenye timu hii anatoka, na akiwa ndugu yangu, natoka naye. Kampuni moja ya magodoro ikayapenda maneno hayo, ikatoa udhamini.

Tangu hapo Nyuki wanafungwa tu. Abubakary, jirani yangu wa duka, kasema mjukuu wako ana elimu, hana kinga. Nikamwambia wewe si unauza miavuli? Mpelekee mmoja.

Jumamosi, 2 Agosti

Tumeshinda! Ila...

Mfukoni nilikuwa na ndimu ya kikohozi. Wale mabinti wa Papa, warefu kama nguzo za umeme, wakawa wanazitazama ndevu zangu za hina. Mmoja kamnong'oneza mwenzake: huyu babu simwelewi.

Basi shetani kanipitia. Nikatoa ndimu. Nikaipulizia. Nikaisomea — nini? Vituo vya mabasi ya mwendokasi! Gerezani, Msimbazi, Fire, Jangwani, mpaka Kimara mwisho. Nikaiviringisha chini ya benchi lao.

Hakukaa mtu tena. Wa akiba wamesimama, kocha kasimama, anayetolewa kupumzika anapumzika wima kama twiga. Kufika robo ya mwisho miguu haiwatii. Nyuki wakapita.

Abubakary, aliyekaa nyuma yangu, kanibusu mkono. "Fundi!"

Hind hakuona. Alikuwa juu, na watu wa magodoro.

Jumapili, 3 Agosti

Klipu! Iko kwenye simu za Kariakoo nzima. Muuza soksi akiniona anainua ndimu. Uso hauonekani, nimeinama — ndevu tu, nyekundu kama embe dodo.

Hind kapiga jioni. Hakuniamkia.

"Babu, ni wewe?"

Nikamweleza yote, mpaka Kimara mwisho. Nilidhani atacheka. Kasema, taratibu, "Wazee wale niliowatoa wamenipigia simu leo. Wananipongeza."

Kakata.

Jumatatu, 4 Agosti

Papa wamepeleka malalamiko kwenye ligi. Magodoro wanasubiri uamuzi: ikithibitika ni mtu wa Nyuki, udhamini basi. Na Hind alishasema atatoka. Mwenyekiti wa Nyuki, Bwana Augustino, kamwagiza aseme hamjui yule mzee. Mpita njia tu.

Nimeenda ofisini kwake, Mchafukoge, kumwambia hivyo hivyo. Nikane, mke wangu. Wazee wa ndevu za hina tumejaa mji huu.

Kanipa kiti, kanimiminia chai, kaendelea na kazi. Simu ya daktari wa goti la mchezaji. Simu ya mwenye basi, wanabishana. Binti mmoja kaingia analia, mchumba hataki acheze; Hind kafunga mlango, kakaa naye mpaka chai yangu ikapoa. Kumbe ni kazi! Mimi nilidhani ni kupiga picha na vikombe.

Jumatano, 6 Agosti

Nimenyoa. Kinyozi Hafidhi kaniuliza mara mbili kama nina akili zangu. Ndevu za tangu nilipofiwa na mke wangu yule wa kweli. Sasa uso kama yai la kuchemsha. Abubakary kapita dukani, kauliza mwenye duka kaenda wapi.

Vizuri.

Alhamisi, 7 Agosti

Ofisi za ligi. Hind kaitwa, mimi sikuitwa, nimemfuata. Niko kwenye benchi la nje, daftari gotini. Alipopita kaniona. Kasimama. Kanishika kidevu kitupu, kidogo tu, kaingia ndani.

Kiyoyozi chao kibovu, madirisha wazi. Nasikia kila kitu.

Mtu wa Temeke anafoka: yule ni mganga wao! Augustino anajibu, laini kama samli: jamani, huyo mzee hatumjui. Nani ana jina lake? Hakuna. Basi, anasema mkubwa wa kikao, kama hakuna anayemjua tunafunga shauri. Viti vinaburuzwa. Alhamdulillahi! Nimeanza kutafuta kandambili zangu.

"Ngojeni."

Sauti ya Hind.

"Namjua. Ni babu yangu mzaa baba. Si mganga, ni mtukutu. Na nilichosema kwa waandishi nakikumbuka."

Viti vinarudishwa. Augustino anasema, "Hind, mwanangu, kaa chini." Hakai — nasikia viatu vyake, vinakuja mlangoni.

"Babu, njoo wakuone."

Nakuja, nakuja. Ila mfukoni nina ndimu nyingine — ya kikohozi, wallahi! Niitupe wapi?