Dadu ya Mama Kicheko

Shoga, umeme umekatika na nasikia dadu ikibingirika sakafuni.

Leo nilijiunga na wale wa darasa letu la jioni wanaocheza ule mchezo wa kuigiza hadithi mezani, dadu ikiamua yanayompata mhusika. Msimulizi akauliza, "Mhusika wako anaitwa nani?" Nikamtaja marehemu mama. Sijui nilifikiria nini.

Basi muda wote naitwa kwa jina lake. "Mama Kicheko, unavuka daraja?" Nikarusha dadu, ikatoka moja.

"Pole, Mama Kicheko amefariki."

Amefariki, shoga. Mara ya pili.

Nikalia mbele yao, nikaondoka na dadu yao mkononi. Wamesema nirudi Alhamisi na mhusika mpya. Sirudi.

Nyumbani nilimsimulia binti yangu yote. Sasa ananiita gizani: "Mama, nimemrushia bibi tena, amepata sita, amevuka daraja."