Kofia ya Shati Lako

Kwa Bi Zamzam,
Kaloleni,
Kisumu.

14 Machi 1993

Mpendwa shemeji Joram,

Hujambo huko Lokichogio? Jua la Turkana linakutendeaje, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimepoa? Nauliza kwa dhati, maana afya yako imezungumzwa sana huku tangu mwezi uliopita, na kuna siku nusu ya kijiji chenu iliamini huna tena afya ya kuulizwa. Nitafika huko.

Sisi hatujambo kwa kadiri yetu. Mvua inatutania tu. Mawingu yanatoka ziwani, yananguruma juu ya mabati yetu, kisha yanakwenda kuwanyeshea watu wa Kericho. Bi Zamzam, mwenye nyumba wangu, yumo katika mfungo wa Ramadhani, kwa hiyo mchana napika kwa adabu, mlango nimeufunga, harufu isimfikie. Cherehani yangu bado iko pale pale barazani, sokoni Kibuye.

Sasa salamu zimekwisha, Baba Lornah, nami nina hasira. Barua hii nimeiandika mara mbili nikaichana. Ya kwanza ilikuwa na matusi, ya pili ilikuwa na heshima nyingi mno. Hii ya tatu naituma ilivyo. Marehemu baba yetu, Mzee Wepukhulu, alitufundisha mimi na dada yangu Jentrix kwamba mkwe huheshimiwa. Hakutufundisha kwamba mkwe hunyamaziwa.

Barua yako ya tarehe 13 Februari ilifika. Jentrix aliisoma mara moja, akaikunja, akanipa. Umeandika kwamba mke wako akae kwangu mpaka nywele ziote. Umeandika kwamba kama dawa ndizo zinazozuia nywele, basi aziache kwa muda, ili arudi nyumbani kwenu Sondu na kichwa cha mwanamke aliyeolewa kabla ya kupanda, kwa kuwa wewe ni kifungua mimba na wake za wadogo zako hawawezi kutia mbegu kabla ya mke wako. Nywele si sukuma wiki, shemeji, kwamba ukikata leo kesho kutwa zimechipuka.

Hivi unajua dawa hizo zinatibu nini? Ni saratani ya titi, si mafua. Daktari wa Nairobi alisema dozi sita, moja kila wiki tatu, bila kuruka, na kwamba akiziachia njiani ugonjwa utarudi na nguvu kubwa kuliko ulizokuja nazo. Alikuwa amepata mbili. Ya tatu ilikuwa tarehe 23 Februari. Siku hiyo Jentrix alikuwa hapa uani kwangu anafua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nilimsihi, nikamkaripia, nikalia. Akanijibu kwamba mume ameshaandika. Basi la Nairobi likaondoka bila yeye kwa sababu ya ukurasa mmoja wa mwandiko wako.

Lakini haki ni haki, na mchelea kusema kweli hana haki ya kumkaripia mwenzake. Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nitakueleza lilivyokuwa, kwa sababu nadhani ulielezwa nusu.

Nywele zilianza kumtoka kabla Januari haijaisha. Aliamka asubuhi nyingine zimebaki kwenye mto, na ngozi ya kichwa ikawa inauma hata upepo ukipita. Mimi ni fundi wa miaka kumi na minne, nikadhani kofia ni kazi ya dakika kumi. Ya kwanza niliishona kwa tetroni iliyobaki ya sare za shule. Ilimchoma, akaivua kabla uji haujapoa. Ya pili nikashona kwa kitenge kipya, bado kina wanga wa dukani, nikatia lastiki. Lastiki ikamwachia mstari mwekundu kuzunguka kichwa kizima. Nilikaa nikamwangalia, nikajua kwamba miaka yote hiyo nimewashonea watu wazima wa afya tu, na kwamba mtu anayeumwa sijui hata pa kuanzia kumpima.

Tulijifunza pamoja, yeye akisema panapouma, mimi nikifumua. Kichwa kisicho na nywele hakitaki kuguswa na mshono hata mmoja. Kwa hiyo nikageuza kazi, mishono yote nikaitoa nje ili ndani kuwe laini kama kiganja. Mahali pa lastiki nikatia mikanda ya kufunga kisogoni. Mbele, pale nywele zinapoanzia, nikaviringisha kitambaa kidogo ili uso upate umbo lake. Na nguo yenyewe iwe pamba iliyofuliwa mpaka ikachoka.

Pamba iliyochoka kuliko zote ilikuwa shati lako. Lile la samawati la kazini, lenye doa la oili mfukoni, uliloliacha ulipoondoka Januari ya mwaka jana. Jentrix alikuwa akilala nalo, kama hujui. Ni yeye mwenyewe aliyelikunjua mezani akanipa makasi. Kofia ikatoka vizuri, na usiku huo alilala usingizi mmoja mpaka kukacha.

Akaenda nayo Nairobi kwa dozi ya pili. Wanawake wa wodini wakaomba kuishika, wakatia vidole ndani, wakauliza nani ameshona. Alirudi na majina kumi na moja kwenye kikaratasi. Mmoja alikuwa mwanamume, Mzee Nicodemus, mwalimu mstaafu wa Maseno, aliyetaka yake isiwe na mikanda, asije akafanana na mama mkwe wake. Nimeshona zote, nikaongeza nyingine saba, nikazituma kwa basi. Nilitafuta fulana kuukuu kwenye mitumba ya Kibuye, na Bi Zamzam akanipa leso zake mbili za zamani, laini kama sikio la mtoto. Wale watu hawanijui. Lakini tarehe 23 walipoona kitanda cha Jentrix kina mtu mwingine, Mzee Nicodemus aliandika barua kuuliza kama yu hai. Wewe katika ukurasa wako mzima hukuuliza.

Sasa nafika Sondu. Jumamosi tarehe 6 Februari, siku nne tu baada ya dozi, Jentrix alisema lazima amwone Lornah. Mtoto wa miaka tisa anayesomea kwa nyanya yake hawezi kukaa miezi bila kumwona baba wala mama. Alikuwa bado mnyonge, kwa hiyo nikamsindikiza. Alibeba mkate na kilo mbili za sukari.

Mama yako, Mama Adero, alikuwa karibu na lango, anapepeta wimbi. Akamtazama mke wako. Akaona kichwa hakina nywele. Akaona shati la mwanawe, lenye lile doa ambalo yeye mwenyewe alishindwa kulitoa kwa sabuni, limevaliwa, tena mishono nje. Shemeji, mimi ni Mbukusu. Kwetu pia hunyolewa nywele baada ya matanga, hilo nalijua. Lakini hakuna aliyepata kuniambia kwamba kwenu mjane huvaa nguo za marehemu mumewe, tena amezigeuza ndani nje. Mama Adero hakuuliza kitu. Alitupa ungo, akapiga nduru.

Majirani wakaja mbio kutoka kila upande wa ua. Mmoja akauliza ni nani, mwingine akajibu ni Joram, lori limepinduka Turkana. Mpaka leo sijui nani alilitaja lori. Ndani ya dakika tano ulikuwa umekufa na sababu ya kifo imeshapatikana. Na Jentrix, aliyekuwa ameinama kuweka mkate chini, akasikia jina lako likililiwa. Naye akaamini. Alidhani habari zimefika nyumbani kabla yake. Akaanguka pale pale langoni akalia nao, mama yako analia kwa sababu ya kofia, yeye analia kwa sababu ya mama yako. Lornah alitoka jikoni na mikono ya unga akasimama kati yao, hajui amshike nani. Ilichukua karibu nusu saa mimi kupata sauti ya kuwashinda wote, niwaambie hakuna habari yoyote ya msiba tuliyoleta.

Ungedhani watashukuru. Kilio kikageuka hasira. Wazee wakasema mwanamke huyu amemfanya mumewe marehemu angali hai, na kwamba jambo kama hilo haliachi mji salama. Akaambiwa aondoke, asirudi mpaka kichwa chake kijifunike chenyewe. Lornah alivutwa ndani. Tulirudi Kisumu jioni ile bila kupewa hata maji, na mkate ulibaki chini pale langoni.

Kosa la shati ni langu, na sikungoja uniambie. Jumapili iliyopita nilipanda basi tena kwenda Sondu peke yangu kumwomba mama yako radhi. Nilichukua kofia mpya ya pamba nyeupe ili aione ilivyo. Yeye ndiye niliyemchukia kuliko wote. Alinivutia kiti. Nikamweleza mishono iko nje kwa nini, nikaweka vidole vyake ndani ya kofia. Alivipitisha polepole, akauliza kama kichwa kinamuuma sana. Halafu akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema.

"Mimi sikatai huyo mtoto. Hiyo kofia haina shida. Joram akuje tu asimame hapo kwa geti, nimuone na macho, majirani wamuone. Mtu nimeshamlilia, nitajuaje ako hai?"

Nikamwambia umeandika barua, mimi mwenyewe nimeisoma.

"Barua hata mtu mwingine anaweza kuandika," akasema.

Kumbe haogopi kichwa cha mke wako. Anakuogopea wewe. Miezi kumi na minne hajakuona, na ile nduru aliyoipiga bado imo ndani yake. Nikamuuliza kuhusu kupanda, kwa vile umelishikilia sana jambo hilo. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Akaniambia desturi hiyo haimtaki mke peke yake. Inataka mume alale nyumbani kwake kwanza, ndipo mke atoke na mbegu. Umechukua nusu ya mila inayomfukuza mwenzako, nusu inayokuita wewe umeiacha huko kwenye vumbi la Turkana.

Nimeudhika, Joram. Unaendesha lori la mahindi kuwapelekea watu usiowajua, na kazi hiyo ni njema, Mungu anaiona. Desemba ulisema barabara ni mbaya. Lakini barabara hiyo hiyo unayosema ni mbaya ndiyo inayokuleta Kitale kupakia kila mwezi, na kutoka Kitale kuja huku ni safari ya siku moja. Usiniambie hujui. Madereva wenzako wanapita kwangu kushonesha mashati, nao wanaongea. Nadhani unaogopa kumwona Jentrix alivyo sasa. Kuogopa si dhambi, hata mimi niliogopa. Kumwambia mgonjwa aache dawa ili wewe usione aibu, hilo ni jambo jingine, na jina lake nimelifuta katika barua zile mbili za kwanza.

Jentrix nilimkuta anachagua mchele, nikamsimulia maneno ya mama yako, neno kwa neno. Akaendelea kuchagua mpaka sinia ikaisha. Kisha akaniomba nimkatie tikiti ya Nairobi ya Jumatatu tarehe 22. Dozi ni kesho yake, tarehe 23; daktari amekubali kumpokea, ingawa amemgombeza. Hakuniuliza wewe utasema nini. Ni mara ya kwanza tangu barua yako ifike kumwona akila akamaliza.

Jumamosi tarehe 27 Machi atakwenda Sondu kumwona mtoto wake, uwe umekuja au hujaja. Nilijitolea kumpa ile kofia nyeupe, ambayo mama yako ameishika na haina neno. Ameikataa. Atavaa ile ya shati lako, mishono nje, doa lako mbele. Nikamuuliza, je, wakianza kulia tena?

"Wacha walie," akasema. "Safari hii hakuna mtu atawaambia ako hai."

Una siku kumi na tatu tangu leo, na Kitale unaijua.

Bi Zamzam anakusalimu. Mama Adero anakusalimu, na wadogo zako wote wanakungoja kwa mbegu zao. Lornah amekuwa wa tatu darasani na anasema umletee kalamu za rangi. Nisalimie wenzako wa kambini, hasa Obiero, mwambie suruali yake iko tayari. Jentrix hakuniagiza salamu zozote.

Mola akufunike njiani, ayashike magurudumu yako kwenye yale makorongo, na akufikishe langoni kwenu na miguu yako miwili.

Wako akupendaye, hata leo hii,

Nabututu