Masizi ya Baba Nekesa

Jumatatu, 12 Mei

Maji ya kibuyu chirizi yameisha kabla ya saa nne. Tena. Watoto wanakanyaga kijiti, mtungi unainama, maji yanamwagika chini, wao wanalowesha ncha za vidole na kukimbilia uji. Wimbo wa kunawa tumeuimba tangu muhula ufunguliwe. Wanauimba vizuri mno. Hawanawi. Wawili hawakuja leo, matumbo. Nimechoka hadi nikataka kulia. Utamwambiaje mtoto wa miaka minne aogope kitu asichokiona? Kesho nitawaonyesha.

Jumanne, 13 Mei

Nilikwangua masizi chini ya sufuria, nikayachanganya na mafuta ya kupikia. Nikampaka mtoto mmoja, Were, viganjani, nikamwambia awasalimie wenzake, nao wasalimiane. Punde si punde kila mkono mweusi. Mashavu meusi. Mlango mweusi. Nikasema, hivi ndivyo viini, wale wadudu wa magonjwa, husafiri. Mayowe! Walijisugua kwa sabuni hadi nikawaondoa kwa nguvu. Somo zuri kuliko yote tangu nianze kufundisha chekechea. Najisifu hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kunisifu.

Alhamisi, 15 Mei

Wananawa bila kuambiwa. Sokoni Mayoni mama mmoja amenisimamisha, eti mwanawe amemfukuza jikoni akanawe kwanza. Nimetembea na kichwa kikubwa kutwa nzima.

Ijumaa, 16 Mei

Sina raha. Shamba la miwa la huku nyuma lilishika moto, kwa hiyo inakatwa mbio mbio kabla haijaharibika. Jioni wakataji wamepita mbele ya shule, weusi tititi, macho tu na meno. Darasa langu zima likakimbilia langoni. "Wadudu! Wadudu!" Nusu ya waliopiga kelele wanalishwa na miwa hiyo hiyo.

Baba Nekesa alikuwa kati yao. Kila jioni Nekesa humrukia, akabebwa hadi nyumbani. Leo alijificha nyuma ya sketi yangu. Baba yake alisubiri, mikono imenyooka, kisha akaishusha. Wakaondoka, mtoto nyuma, mbali kidogo.

Jumatatu, 19 Mei

Baba Nekesa amekuja asubuhi kabla ya kwenda kazini. Nilijiandaa kugombezwa. Ingekuwa afadhali. Alinisalimia, "Mulembe, Mwalimu," akabaki mlangoni, akauliza kwa adabu zake zote: "Ni sabuni gani inatoanga hii kitu yote?"

Akanionyesha mikono. Amekuwa akijisugua mtoni kwa waya ya kuoshea sufuria. Viganja vimechunika, vingine ni vidonda vibichi, na ndani ya mipasuko masizi bado yamo. Nekesa hataki kushikwa. Chakula kilichoguswa na baba yake hali. Mama aliondoka mwaka jana na hakurudi, mtoto amebaki na huyu baba na nyanya yake tu.

Nikamwambia aitupe ile waya. Nikampa mafuta yangu ya kujipaka, akayapokea kwa mikono miwili. Nimeona aibu mno.

Jumanne, 20 Mei

Nimewaambia masizi si viini. Masizi ni masizi tu, yanatoka kwa moto. Viini havionekani, na mkono mweupe pe unaweza kuwa navyo tele. Were akasema, "Lakini tuliviona, Mwalimu." Ni kweli. Mimi ndiye niliyewaonyesha. Nimeeleza tena, na tena, mwishowe nikapandisha sauti. Nekesa akaziba masikio. Leo sijipendi.

Jumatano, 21 Mei

Nimenunua mkate. Nimemwomba Baba Nekesa aje darasani, akaja. Amenawa kwa sabuni mbele ya watoto wote, taratibu, kucha kwa kucha. Weusi haukutoka wote. Akabonyeza kipande kimoja kwa kiganja kizima. Mimi nikabonyeza changu bila kunawa, baada ya kushika simu, chaki na mlango wa choo. Watoto wakadai zamu yao. Nikamwita Nekesa, ametoka kucheza, mikono inaonekana safi tu, naye akabonyeza chake. Kila kipande mfukoni mwake, jina juu, kabatini. Nikawaambia: penye viini vingi, mkate utaota ukungu mwingi.

Were akauliza cha nani kitaota kwanza.

"Cha Baba," Nekesa akajibu.

Baba yake alikuwa bado mlangoni.

Ijumaa, 23 Mei

Hakuna kitu. Vyote vyeupe. Wanachungulia kabati kila wakipata nafasi. Nimejikuta naombea mkate. Mtu mzima.

Jumapili, 25 Mei

Nimepitia shuleni baada ya kanisa. Nilishindwa kungoja. Changu kina madoa ya kijani. Cha Nekesa kimejaa, manyoya kabisa. Nikashangilia peke yangu. Kisha nikainua cha Baba Nekesa. Nacho kina doa. Dogo, pembeni, lakini lipo.

Nikakaa kwenye kile kiti cha watoto. Ningelimega lile doa, nikafunga mfuko, nani angejua? Mtoto angerudi kwa baba yake kesho. Mfuko nilikuwa nimeshaufungua. Vidole vimeshaingia. Halafu nikawaza: mara ya kwanza niliwapotosha bila kujua. Hii itakuwa kwa kupenda. Nikaufunga.

Naogopa kesho. Sijawahi kuwaogopa watoto.

Jumatatu, 26 Mei

Nimevipanga mezani, vyote vitatu, kama vilivyo. Were akapaza sauti: "Hata Mwalimu!" Wakaangua kicheko, wakanizunguka kunitazama mikono. Muhula huu hakuna kilichowafurahisha hivyo.

Nekesa hakucheka. Alitazama cha kwake muda mrefu, akageuza viganja vyake, juu, chini. Safi. Akauliza mbona cha Baba kina kidogo. Nikamjibu, kwa sababu alinawa.

"Na ile nyeusi?"

Nikasema ile ni ya kazi, haimuumizi mtu. Sijui kama alinielewa. Jioni nyanya yake akaja kumchukua. Nimerudi nyumbani nikalala bila kula.

Jumatano, 28 Mei

Mvua tangu jana jioni. Asubuhi nilikagua sare, mmoja mmoja, mstarini. Sweta ya Nekesa ni chafu mgongoni. Nilimgeuza nione vizuri. Ni kiganja. Kizima, cheusi, na vidole vyote vitano vimeachana, pale mtu anapomshikilia mtoto aliyembeba ili asianguke. Akaniambia nyanya alitaka kuifua, lakini isingekauka na mvua hii.

Sheria ya sare niliiweka mwenyewe. Mwenye sare chafu husimama kando.

Nikamwambia aingie darasani.