Kigingi Ndani ya Jiko

Mbuya, Kampala
Jumapili

Baba mpendwa,

Natumaini goti lako limepoa na unafika tena shambani bila fimbo. Mimi ni mzima, ila shingo imebabuka kwa jua. Kwenye simu ulinikatiza: "Afande ni mkubwa wako, nenda ukamwombe msamaha." Sitamwomba. Soma kwanza.

Afande Okello, msimamizi wetu wa upimaji, ni mwanajeshi mstaafu. Wiki hii tulikuwa tunatafuta mpaka wa kiwanja hapa mlimani, mita mia mbili kutoka jiwe la mpaka lililopo hadi lile lililopotea. Hati inatoa pembe kutoka kaskazini ya kweli. Sindano ya dira haielekei huko. Inafuata sumaku ya dunia, na hapa Kampala siku hizi inaelemea mashariki kama digrii moja na nusu. Kwa hiyo pembe ya hati unaipunguzia tofauti hiyo, ndipo unaifuata kwa dira. Afande yeye akaiongeza badala ya kuipunguza. Ramani yake ya jeshini inasema tofauti ni magharibi, na zamani ilikuwa kweli. Sumaku imehama, ramani imebaki.

Kosa likawa digrii tatu. Mwisho wa mstari hizo ni mita kumi, na kigingi kikaingia ndani ya jiko la Mama Apio, jirani anayewapikia wajenzi. Akaambiwa jiko litavunjwa.

Nikasema tumekosea. Afande akacheka mbele ya mafundi.

"Wewe mutoto, hii dira nimetembea nayo Karamoja yote. Wewe umetembea na nini? Kitabu?"

"Ramani yako ina mwaka pale chini, Afande. Usome."

"Toka kwa saiti yangu!"

Sikutoka. Kesho yake asubuhi nilisimamisha mti wima, nikazungusha duara kwa kamba, nikatia alama kivuli chake kilipogusa duara. Nikangoja hadi alasiri kiliguse tena upande wa pili. Mama Apio aliniletea posho, ndiyo ugali wa huku, na maharagwe. "Mwanangu, hilo jua litakumaliza." Alama hizo mbili zinakupa mashariki na magharibi, kaskazini ya kweli inakatiza katikati. Nikaweka dira juu ya mstari huo wa kaskazini. Sindano ikalala kidogo upande wa mashariki.

Afande alichutama, akaitazama sindano. Fundi mmoja akauliza, "Afande, na jua nalo limesoma kitabu?" Wakaangua kicheko. Hapo ndipo nilipofukuzwa.

Jana Mama Apio alinipigia: Afande aling'oa kigingi mwenyewe, akakirudisha nje ya jiko. Ila amesema mimi nisikanyage saiti hadi niombe msamaha.

Kwa kicheko, nitampa pole, kwa kuwa ni mtu mzima. Kwa hesabu, kamwe.

Msalimie Mama, na Bibi aliyenizoesha kubisha, na kaka yangu mwalimu. Mwambie lile somo lake la vivuli limenifaa.

Kesho nitafika saiti kabla ya Afande. Akitaka kunitoa, anitoe pale penye kigingi, Mama Apio akiwa amekwisha kuwasha moto.

Binti yako, mkaidi uliyemlea mwenyewe,
Nekesa