Asali ya Panya wa Malale

Mpanda, 9 Juni 1994

Dada Scola,

Shikamoo. Asali yako ya Inyonga imefika salama, ila wanaokula ni panya wa maabara, usicheke. Zamani tuliwasukumia dawa kooni kwa mrija. Sasa tunaichanganya na asali, wanakuja wenyewe kulamba.

Yule wa mwisho kuwekewa mrija aliniuma, na damu ya mdomo wake ikaingia kidondani. Panya wote wale wameambukizwa malale, ule ugonjwa wa usingizi. Daktari sijamwambia.

Siku hizi usingizi wa mchana unanikuta nimesimama. Mama asijue. Dawa yenyewe haijajulikana kama inaponya, lakini leo daktari alipotoka, nami nimelamba.

Tuma asali nyingine, dada. Upesi.

Mdogo wako,
Theopista