Mume Wangu Anasema Mungu Ndiye Aliyenyamazisha Sabufa

Mpendwa Mama Beatha, mshauri wetu, ninaandika nikiwa na furaha na hofu kwa pamoja, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana Jumapili hiyo mume wangu atasimama kanisani.

Mimi ni mkulima wa viazi hapa Yakobi, nimeishia darasa la saba, na mume wangu Baba Esteria anauza mbao, ni mtu mpole, hanywi, na zamani ndiye aliyekuwa anaongoza sala yetu ya jioni, anasoma Neno, anaanzisha wimbo, tunaimba mpaka majirani wanaitikia. Kisha akanunua runinga kubwa ya kisasa, ile inayoingia intaneti, pamoja na sabufa yake, na tangu hapo sala ikahamia jikoni kwenye moto, mimi na watoto wadogo, Tabea na Anold, yeye akabaki sebuleni na taarifa ya habari, ikiisha habari ni mpira, ukiisha mpira ni watu wanaouchambua mpira uleule, na tukianza wimbo sabufa inatuzidi, sufuria zinatetemeka, mpaka siku moja Anold badala ya kuitikia amina akaitikia goli. Nilisema kwa upole, nikasema kwa ukali, akanijibu, "Mama Esteria, nimechoka na mbao, niache nipumzike, Mungu ananijua."

Sasa binti yetu mkubwa, Esteria, anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya umeme Makambako, akaja kutusalimia na kidude kidogo kama kiberiti, akakiunganisha na waifai na runinga, akanionyesha kwenye simu. "Mama, nyumba hii sasa inapokea amri. Kila jioni saa ya sala, sauti itatoka kwenye sabufa iende kwenye hivi vispika vya masikioni, navificha kabatini. Picha itabaki. Baada ya nusu saa sauti inarudi yenyewe." Nikamuuliza kama si dhambi. Akacheka, "Dhambi ya nini, mama? Sijazima kitu, nimehamisha tu." Nikasema haya, fanya.

Jioni ile nilianzisha wimbo, hatujamaliza ubeti wa kwanza sabufa ikanyamaza. Namsikia baba anabonyeza rimoti, anabonyeza, anaipiga kwenye goti, namba za sauti zimepanda mpaka mwisho na hakuna kitu. Akaja akasimama mlangoni pa jiko, rimoti mkononi kama mtu aliyeshika kuku aliyekufa. "Imenyamaza." Nikamwambia, "Basi keti." Akaketi. Alipomaliza kusali nasi akarudi sebuleni, akakuta sauti imerudi. Kesho yake vilevile. Akaita fundi mchana, fundi akasema sabufa hiyo ni nzima kuliko yeye mwenyewe. Jioni ikanyamaza tena, ndipo baba akaiweka rimoti chini akasema, "Mama Esteria, huyu ni Mungu. Ananiita." Nami nikasema, "Amina."

Hiyo amina ndiyo inayonila, Mama Beatha. Tangu siku hiyo anaongoza sala mwenyewe, amehamishia kiti chake jikoni, Tabea anamfundisha nyimbo mpya, ninaimba mpaka koo linakauka, runinga nimeishinda! Ila amekwenda kwa mchungaji akapewa nafasi ya kushuhudia mbele ya usharika wote, na jirani yetu Mama Hosiana ameshakuja kuiona runinga ikinyamaza, akapiga magoti sebuleni kwangu. Esteria ananipigia simu, "Mama, mwambie baba kabla hajaaibika." Nikimwambia atakasirika arudi kwenye kochi, na safari hii sitampata tena. Nikinyamaza atakwenda kuisifu simu ya Esteria mbele ya madhabahu. Nifanyeje?

Mama Esteria, Yakobi, Njombe

MAMA BEATHA ANAJIBU

Kamwene, Mama Esteria.

Nimecheka, nisikufiche, hasa pale kwa fundi. Kisha nikaacha kucheka.

Kuhamisha sauti si kosa kubwa, wapo wanawake ambao wangeukata waya kwa kisu cha viazi. Kosa ni hiyo amina, na wewe unajua, ndiyo maana umeandika. Mungu hajakosa njia mpaka umsaidie kumdanganya mumeo.

Tena unamdharau. Unadhani anakuja jikoni kwa sababu ya kidude. Mwanamke, picha si ilibaki? Angeweza kutazama mpira bila sauti, angeweza kwenda kuutazama kwa jirani. Ameacha kochi, amekuja kukaa kwenye moshi wenu. Kidude hakikumbeba.

Basi mwambie leo, usingoje Jumamosi. Usimtume Esteria wala mchungaji. Mwambie mkiwa wawili, akiwa ameshiba, useme "nilifanya, nisamehe", na neno "lakini" usilitie. Kisha ile amri ya kila jioni ifutwe, na Esteria amwekee baba yake programu hiyo kwenye simu yake, amfundishe kuhamisha sauti mwenyewe, akitaka. Asipotaka, imbeni hivyohivyo na kelele zake. Kwa Mama Hosiana nako upite ukamweleze. Ushuhuda mwachie mwenyewe aamue.

Jibu hili nilimtumia kwa simu kwanza, maana gazeti lisingewahi Jumapili yake. Jumatatu akanirudishia ujumbe wa sauti, nauandika kama alivyousema:

"Mama Beatha, nilimwambia! Akachukua koti akaenda kwenye mbao zake. Ijumaa jioni timu yake inacheza, amri tulishaifuta, sabufa inanguruma, yeye yuko kwenye kochi. Nikawaambia watoto tuimbe. Ubeti wa kwanza tukaimba na zile kelele. Wa pili, kimya. Nikajua umeme umekatika, kutoka kuangalia, taa inawaka, wachezaji wanakimbia, na baba ameshika simu yake, ile aliyowekewa programu na Esteria, mbali na uso kwa sababu hana miwani. 'Hiki kidude chenu,' anasema, 'kinataka kibonyezwe mara ngapi?' Akaja jikoni, akamwambia Anold, 'Sogea, huo ni upande wangu.'

Jumapili akasimama. Akaeleza yote, vispika vya kabatini, fundi, amina yangu, kanisa zima likacheka, natamani nijifunike kitenge. Halafu akasema, 'Siku zile nilidhani Mungu ndiye anayeninyamazishia. Ijumaa nimenyamazisha mwenyewe, ndugu zangu, na timu yangu ilikuwa inakwenda kupiga penalti.'

Mama Beatha, kina mama walipiga vigelegele, kina baba wakasimama!"